Mödlareuth, Kijiji Kilichokatwa na Kijito

Tannbach ni kijito cha kuruka tu. Mtoto wa miaka 10 akijitupa vizuri anatua ng'ambo na viatu vikavu. Kinapita katikati ya Mödlareuth, kijiji cha wakulima karibu na mji wa Hof nchini Ujerumani, chenye watu wapatao 50. Nyumba za ukingo mmoja ziko jimbo la Bavaria, chini ya manispaa ya Töpen. Za ukingo wa pili ziko jimbo la Thüringen, chini ya mji mdogo wa Gefell.

Mpaka huo ni wa zamani. Mwaka 1810 yalisimikwa mawe yaliyochongwa herufi KB upande wa Ufalme wa Bavaria na FR upande wa watawala wa Reuß. Wanakijiji hawakuyajali sana. Watoto wa kingo zote mbili walisoma shule moja, iliyokuwa upande wa Thüringen, na huko huko ndiko wazee walikokwenda kunywa bia. Ibada ilikuwa Töpen, Bavaria. Kijito kilikuwa mpaka kwenye makaratasi ya wakubwa. Kwa majirani kilikuwa maji tu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Thüringen ikawa chini ya Wasovieti na Bavaria chini ya Wamarekani. Mwaka 1949 zikazaliwa Ujerumani mbili, Mashariki upande wa Wasovieti na Magharibi upande wa pili, na kijiji kikajikuta ndani ya zote mbili. Mwaka 1952 serikali ya Ujerumani Mashariki ilifunga mpaka wake: uzio wa mbao ukasimama kijijini, na familia zilizotiliwa shaka zikahamishwa kwa nguvu kutoka maeneo ya mpakani. Mwaka 1966 ukaja ukuta wa zege wa urefu wa mita 700, unaomzidi mtu kimo karibu mara mbili, wenye taa za kuumulika usiku kucha. Wanajeshi wa Kimarekani walipaita Berlin Ndogo.

Kwangu mimi, zege silo lililokuwa na ukatili mkubwa zaidi. Aliyekuwa magharibi aliweza kusimama mahali palipoinuka, akamwona ndugu yake uani na kumpungia mkono. Ndugu yule wa mashariki alikatazwa kumpungia. Alitakiwa aendelee na kazi yake kana kwamba hakuona mtu.

Mtu mmoja aliweza kuuvuka ukuta huo. Mwezi Mei 1973, dereva mmoja aliyekuwa na kibali cha kuingia eneo la mpakani aliegesha gari kando ya ukuta, akasimamisha ngazi juu ya paa la gari, akapanda na kurukia upande wa pili. Miaka 10 baadaye alifika George Bush, wakati huo Makamu wa Rais wa Marekani, kuutazama ukuta akiwa upande wa Bavaria.

Ukuta wa Berlin ulipofunguka tarehe 9 Novemba 1989, Mödlareuth ilisubiri mwezi mzima zaidi. Njia ya waenda kwa miguu ilifunguliwa tarehe 9 Desemba. Mwezi Juni 1990 mtambo ukaanza kuubomoa ukuta. Kipande chake kikaachwa makusudi, pamoja na mnara wa ulinzi na uzio, na leo ndiyo makumbusho yanayowaleta wageni kijijini.

Mpaka wa majimbo, hata hivyo, uko pale pale. Gari la ukingo wa Bavaria lina namba inayoanzia HO, la Thüringen SOK. Barua zina namba mbili za posta, simu zina namba mbili za eneo, na kila upande una meya wake. Hata salamu ni mbili. Wa Bavaria husema Grüß Gott. Jirani wa ng'ambo huitikia Guten Tag, kwa sauti, mkono juu.