Rangi ama nyeusi? Grafu yako isifie kwenye fotokopi

Kama umewahi kuprinti kitu hapa Kisumu, hilo swali unalijua. Unaingia, unatoa flashi, unamtajia jamaa jina la faili, naye bila hata kukuangalia anauliza: "Rangi ama nyeusi?" Unapiga hesabu ya haraka. Pale ninapoprintia mimi nyeusi ni bob 10 kwa ukurasa, rangi ni 40. Kazi ina kurasa 60 na zinatakiwa nakala tatu. Jibu unalo kabla hajamaliza kuuliza.

Hilo swali ndilo lililonifunza kuchora grafu upya, na nilijifunza kwa aibu.

Nakaa Milimani, lakini usinifikirie vibaya. Si zile nyumba za geti kubwa. Mimi niko SQ, kule nyuma. Ukivuka Ring Road uko Nyalenda, na wateja wangu wengi wanatoka upande huo. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa, ila laptopu nilibaki nayo. Nikajifunza Python na R usiku wakati bando ni rahisi, na siku hizi nachorea wanafunzi grafu za projekti zao. Si kazi ya kuomoka, lakini rent inalipika.

Sasa kuna dada mmoja wa diploma ya mambo ya afya alinijia na sura ya kwanza ya projekti yake. Alitaka kitu simpo: idadi ya wanaume na wanawake katika kaunti za huku ziwani, kutoka sensa ya 2019. Namba za KNBS ziko wazi. Kisumu wanaume 560,942, wanawake 594,609. Siaya wanaume 471,669, wanawake 521,496. Homa Bay na Migori nazo zinafuata mtindo huo huo: kila kaunti nguzo mbili, moja imezidi nyingine kidogo tu. Nikachora kwa Python, wanaume wekundu, wanawake kijani. Kwa skrini ilikuwa fiti kabisa. Nikamtumia, akanilipa, nikalala.

Akaprinti nyeusi. Wewe pia ungeprinti nyeusi.

Siku ya kutetea kazi yake, mmoja wa walimu akafungua ukurasa huo akamuuliza, "Nguzo ndefu ni ya nani?" Akaangalia. Nguzo zote nane zilikuwa kijivu. Akaangalia kisanduku cha maelezo pembeni: kiboksi cha kijivu, "wanaume", kiboksi cha kijivu, "wanawake". Kwa woga akasema wanaume. Kurasa mbili mbele alikuwa ameandika kinyume. Wakamwambia aende akapange kazi yake, arudi baada ya wiki mbili. Jioni akanipigia: "Brathe, uliniuzia grafu ama kitendawili?"

Nilimrudishia pesa zake. Kisha nikakaa chini nitafute ni nini kilitokea.

Ni hivi. Kila rangi kwenye kompyuta ni namba tatu, nyekundu, kijani na buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Picha ikigeuzwa kuwa ya kijivu, kanuni moja inayotumika sana huchukua asilimia 29.9 ya nyekundu, 58.7 ya kijani na 11.4 ya buluu, halafu inajumlisha. Nyekundu niliyotumia ilikuwa 255 tupu. Piga hesabu: 76. Kijani, kile ambacho Matplotlib inakiita tu "green", ni kama 128. Piga tena: 75. Umeona? Nilichagua rangi mbili ambazo kwa jicho zinapigana, lakini kwa mashine ni mapacha. 76 na 75! Hata ukileta miwani ya babu yako hutazitofautisha.

Na usidhani ni shida ya printa peke yake. Wapo watu ambao nyekundu na kijani zinawachanganya kila siku, hata kwenye skrini ya bei ghali. Kwa wanaume wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya inakadiriwa ni kama 1 kati ya 12. Huku kwetu ni wachache zaidi, lakini wapo, na pengine mmoja wao ndiye atakayekaa mbele yako kukusahihisha.

Dawa ni ile ambayo mama anayeuza leso Kibuye angekuonyesha bila kusoma kompyuta. Stima zikipotea na rangi zote zikififia, bado anajua leso ya madoa ni ipi na ya mistari ni ipi. Haangalii rangi, anaangalia nakshi. Grafu nayo inaweza kuvalishwa hivyo: nguzo moja mistari ya mshazari, nyingine madoa, nyingine uiache wazi. Kwenye Matplotlib ni neno moja tu, hatch:

plt.bar(x, wanawake, color='white', edgecolor='black', hatch='//')

Hiyo mikwaju miwili ndiyo mistari. Ukiandika minne mistari inabanana zaidi. Ukiweka 'x' inakuwa kama wavu wa omena, ukiweka '.' ni madoa. Angalia pia ukingo, maana hapo ndipo nilipokwama saa nzima: kwa kawaida nakshi inafuata rangi ya ukingo. Nilikuwa nimeweka ukingo mweupe nikidhani ni urembo, mistari nayo ikawa myeupe juu ya nguzo nyeupe. Nikawa napiga kelele kwa laptopu kwamba programu imeharibika.

Kwa R, ile lugha ya takwimu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman kule Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mambo ni hivi:

barplot(idadi, beside=TRUE, col="black", density=c(10, 30), angle=c(45, 135))

Density ni mistari mingapi kwa kila inchi, angle ni mistari imelala upande gani. Kundi la kwanza linapata mistari michache ikielekea huku, la pili mingi ikielekea kule. Basi.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba hiyo mistari ndiyo R ilikuwa nayo peke yake kwa miaka mingi. Ukitaka madoa au nakshi yako mwenyewe ilibidi uhangaike. Ilikuwa hadi toleo la 4.1.0, Mei 2021, ndipo kazi ya Paul Murrell, naye wa Auckland, ilipoingiza nakshi za kila aina kwenye injini yenyewe ya kuchorea. Wanaotumia ggplot2 walisaidiwa na kifurushi kinachoitwa ggpattern. Ukiwa nacho unaandika geom_col_pattern badala ya geom_col, unasonga. Excel nayo ilikuwa na vituko vyake: toleo la 2007 liliondoa nakshi za grafu kwenye menyu, watu wakalalamika, zikarudi 2010. Yaani mtu fulani ofisini aliamua dunia nzima sasa inaprinti rangi. Angetembea hapa kwetu kwanza.

Kabla hujakimbia kujaza nakshi kila mahali, ngoja. Kuna mzee anaitwa Edward Tufte, Mmarekani, ambaye mwaka 1983 alitoa kitabu kikubwa kuhusu michoro ya takwimu, na humo aliisema vibaya sana hii mistari. Kwamba ikibanana inafanya macho yacheze, karatasi inaonekana kama inatetemeka. Nilimbishia moyoni hadi siku nilipochora grafu yenye nakshi sita. Wacha tu. Ilikuwa kama matatu ya zamani imepigwa grafiti na watu sita ambao hawakuelewana. Kwa hivyo mimi siku hizi nasimama kwa tatu: wazi, mshazari, na madoa au wavu. Makundi yakizidi hapo, nachora grafu ndogo ndogo kando kwa kando, ama naandika jina juu ya nguzo yenyewe na kusahau kisanduku cha maelezo.

Utaniuliza, si ungetumia tu kijivu hafifu na kijivu kizito? Kwa makundi mawili, ukiwa na printa nzuri, sawa, hata inapendeza zaidi. Lakini fikiria safari halisi ya karatasi huku. Unaprinti nakala moja, hiyo unaitoa fotokopi, classmate anatoa fotokopi ya fotokopi, na tona ya jamaa iko karibu kuisha. Kijivu hafifu kinakuwa cheupe. Kijivu kizito kinakuwa cheusi chenye mabaka. Nilijaribu mwenyewe, nakala ya nakala ya nakala: kijivu kilikufa raundi ya pili, mistari ya mshazari ikafika ya nne ikiwa imechoka lakini inasomeka. Ni wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, hakuna cha katikati cha kupotea.

Na hii akili si mpya. Karne ya 17 huko Ulaya, wachongaji wa ngao za ukoo walikuwa na shida hiyo hiyo, kitabu hakina rangi na ngao ni ya rangi. Wakakubaliana: mistari ya wima ni nyekundu, ya kulala ni buluu, madoa ni dhahabu. Karibu miaka 400 iliyopita, na mimi nauza kijani na nyekundu.

Yule dada nilimchorea tena, bure. Wanaume wazi, wanawake mshazari. Kabla sijamtumia nilienda mwenyewe na flashi yangu, nikaprinti ukurasa mmoja, nikautoa fotokopi mara mbili, nikamwekea jamaa wa fotokopi mbele yake nikamuuliza nguzo ndefu ni za nani. Akaangalia sekunde moja, huku anahesabia mtu mwingine chenji.

"Za wanawake," akasema. "Kwani umeandika nini hapo? Ni bob 30."