Saa za Kwanza Baada ya Mtoto Kudhurika: Sheria Mpya na Wajibu wa Watumishi wa Familia Migori na Homa Bay

Sheria ya Watoto ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 26 Julai mwaka huo na kuifuta ile ya 2001, imebadilisha mambo mengi katika kazi ya kila anayehudumia familia nchini Kenya, awe mwalimu, muuguzi, chifu, askari polisi, afisa wa watoto au mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba. Katika kaunti za Migori na Homa Bay, ambazo sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,116,436 katika ya kwanza na 1,131,950 katika ya pili, mabadiliko hayo yamekuta mazingira magumu: ufuo mrefu wa Ziwa Victoria wenye visiwa vingi, machimbo ya dhahabu, mashamba ya miwa na mpaka wa Tanzania unaovukwa kwa miguu. Hata hivyo, upungufu mkubwa unaowaumiza watoto wa kaunti hizi hautokani tena na kukosekana kwa sheria, bali umo katika saa zinazopita kati ya wakati ambapo mtu mzima wa kwanza anagundua kwamba mtoto amedhurika na wakati ambapo taarifa inamfikia mwenye mamlaka ya kuchukua hatua, kwa kuwa ndani ya saa hizo ushahidi huoshwa, dawa hupitwa na muda wake, na jamaa wa pande mbili huketi kuafikiana.

Ulinzi wa mtoto, kwa maana inayotumika katika sheria na katika taaluma, una sehemu mbili zisizotengana: kuzuia madhara kabla hayajatokea, na kumhudumia mtoto ambaye tayari amedhurika bila kumwongezea maumivu. Msingi wake ni Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010, kinachoagiza kwamba maslahi ya mtoto yawe jambo la kwanza katika kila uamuzi unaomhusu, na sheria ya 2022 imejenga juu ya msingi huo kwa kupandisha umri ambao mtoto anaweza kubeba lawama ya jinai kutoka miaka 8 hadi 12, kwa kuweka kamati za ushauri kuhusu watoto katika ngazi ya kaunti na chini yake, na kwa kueleza kwa upana nani ahesabiwe kuwa mtoto anayehitaji malezi na ulinzi. Istilahi hii ya mwisho ina uzito kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu haimhusu mtoto aliyekwisha kuumizwa peke yake, bali inamjumuisha pia aliye katika hatari ya kukeketwa, ya kuozwa au ya kutumikishwa katika kazi za hatari. Maana yake ni kwamba afisa wa watoto anaweza kumfikisha mtoto huyo mbele ya mahakama ili apewe kinga hata kabla ya kisu kunolewa au mahari kupokewa.

Ukubwa wa tatizo unaonekana katika Utafiti wa Hali ya Watu na Afya wa 2022, ambao ulibaini kwamba asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 katika kila moja ya kaunti hizi mbili walikuwa wamewahi kupata mimba, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 15. Homa Bay ilikuwa imetoka mbali, kwani utafiti wa 2014 uliikuta na asilimia 33, lakini Migori, iliyokuwa na asilimia 24 wakati huo, ilikuwa karibu pale pale. Takwimu hizo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu, maana zinawachanganya wasichana wa miaka 18 na 19, ambao kisheria ni watu wazima, na wakati huohuo zinawaacha nje wale wa miaka 12, 13 na 14, ambao baadhi yao huletwa kliniki na mama zao wakiwa na mimba ambayo hakuna anayetaka kumtaja mwenyewe. Kwa sheria ya Kenya, mimba ya msichana asiyefikisha miaka 18 ni dalili ya kosa la unajisi, na muuguzi anayeiandika katika daftari la kliniki ya wajawazito na kuishia hapo amekamilisha nusu tu ya kazi yake.

Upande wa ziwa una mazingira yake. Katika fukwe za Mbita, Sindo, Kendu Bay, Karungu na Muhuru Bay, biashara ya samaki imezaa uhusiano unaojulikana kwa jina la jaboya, ambapo mwanamke anayenunua samaki ili kuwauza hupata uhakika wa mzigo kwa kujitoa kimwili kwa mvuvi, na desturi hiyo, iliyoanza kwa wanawake wazima waliobanwa na umaskini, imewavuta pia wasichana wa umri wa shule wanaotumwa na nyumba zao kuanika na kuuza omena, yaani dagaa. Wavulana nao hutumika kuvuta nyavu, na kwa kuwa omena huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, mvulana aliyekesha ziwani hafiki darasani asubuhi, au hufika na kulala juu ya dawati. Hatari hii huongezewa na ukimwi: utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikadiria kwamba asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay na asilimia 13 ya wale wa Migori waliishi na virusi vya ukimwi, huku wastani wa nchi ukiwa asilimia 4.9, na ndiyo sababu serikali imekuwa ikizungumzia tishio la aina tatu, yaani maambukizi mapya, mimba za utotoni na ukatili wa kijinsia, kwa kuwa mambo haya matatu humpata msichana yule yule, mara nyingi kwa tendo lile lile.

Mtumishi anayefanya kazi ufuoni anapaswa kuijua kalenda ya ziwa kama anavyoijua ya shule. Kuanzia mwanzo wa Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena hufungwa kisheria upande wa Kenya ili samaki wazaliane, na nyumba inayotegemea omena pekee huingia katika miezi ya njaa, ambayo ni miezi ya kuongeza ziara za nyumbani kwa familia zenye wasichana waliobaleghe. Kamati za usimamizi wa fukwe, ambazo huandikisha mitumbwi na wavuvi, zinajua ni nani aliyehamia kutoka wapi, na ujuzi huo una thamani kubwa panapotokea kosa, kwa sababu mtuhumiwa akishapanda mtumbwi kuelekea visiwa vya Remba na Migingo au ng'ambo ya mpaka, kumpata huwa kazi ya miezi. Haitoshi kuwaita viongozi wa kamati hizo kwenye warsha. Inafaa wawe na namba ya simu ya afisa wa watoto wa kaunti ndogo yao na wajue kwamba simu 116, ambayo ni ya bure na hupokelewa usiku na mchana, haimlazimu mpigaji kuwa na ushahidi kamili kabla ya kutoa taarifa.

Mtoto anapoletwa baada ya kudhulumiwa kingono, muda ndio unaotawala kila kitu. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi hufaa tu zikianza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofanya kazi vizuri zaidi, ilhali dawa za dharura za kuzuia mimba zinaweza kutolewa hadi saa 120. Kwa hiyo hospitali hutangulia na kituo cha polisi hufuata, wala hakuna sheria inayomruhusu mhudumu wa afya kukataa kumtibu mtoto kwa kisingizio kwamba hajaletewa barua ya polisi. Hospitalini hujazwa fomu ya huduma baada ya ubakaji, ijulikanayo kama MOH 363, ambayo hurekodi majeraha, vielelezo vilivyochukuliwa na matibabu yaliyotolewa. Fomu ya P3, ambayo hutolewa na polisi na kujazwa na mtaalamu wa afya, hufuata baadaye na hutegemea yale yaliyoandikwa katika ile ya kwanza. Mtoto asiogeshwe, nguo zake zisifuliwe wala zisifungwe katika mfuko wa plastiki unaozifanya zivunde, bali zikaushwe kwa hewa na kuwekwa katika karatasi. Maelekezo haya ni madogo kwa mtazamo, lakini kesi nyingi huanguka hapa, kabla hata ya hakimu kufungua jalada.

Kizuizi kikubwa zaidi, katika maeneo ya Waluo na ya Wakuria vilevile, ni kile kinachoitwa kumaliza mambo nyumbani. Familia ya mtuhumiwa hutuma wazee, mbuzi au ng'ombe hutajwa, fedha za matibabu huahidiwa, na mara nyingine ndoa hupendekezwa kana kwamba ni heshima kwa msichana. Ni rahisi kuwalaumu wazazi wanaokubali, lakini wengi wao hupima safari tano au sita za mahakamani, kila moja na nauli yake, dhidi ya fidia iliyoko mezani leo, na mtumishi asiyeutambua uzito wa nauli hiyo hawezi kuwashawishi. Sheria, hata hivyo, haina shaka: Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaweka uamuzi wa kusimamisha kesi ya namna hii mikononi mwa mwendesha mashtaka wa serikali, si mikononi mwa mzazi, mzee wa kijiji wala chifu, na makubaliano ya nyumbani hayana nguvu yoyote ya kufuta kosa. Chifu anayeongoza kikao cha maridhiano juu ya unajisi hasuluhishi, anaficha uhalifu. Kwa walimu kuna wajibu wa ziada, kwani waraka wa Tume ya Huduma kwa Walimu wa 2010 unawataka watoe taarifa ndani ya saa 24 wanapojua kwamba mwanafunzi amedhulumiwa kingono, na kukaa kimya ni kosa la kinidhamu.

Machimbo ya dhahabu ya Macalder na maeneo jirani ya Nyatike yanastahili kutajwa, japo kwa ufupi. Watoto huchota maji, huponda mawe na huosha mchanga kwa zebaki, madini yanayodhuru mishipa ya fahamu na ambayo athari yake huonekana baada ya miaka. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu mtoto chini ya miaka 13 kuajiriwa kabisa, na inamruhusu wa miaka 13 hadi 16 kazi nyepesi tu. Hakuna tafsiri yoyote inayoweza kuufanya uchimbaji kuwa kazi nyepesi.

Kuria, yenye kaunti ndogo za magharibi na mashariki katika Migori, inahitaji maelezo marefu zaidi. Ukeketaji huko hufuata misimu inayoamuliwa na wazee wa koo, wanaoketi katika baraza la siri liitwalo inchama, na kwa kawaida msimu huangukia likizo ndefu ya Desemba. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, kalenda hiyo ilivunjika na wasichana walikeketwa mapema, wakatembezwa barabarani mchana kweupe kwa nyimbo na zawadi, jambo lililoonyesha kwamba shule yenyewe, kwa kuwa wazi tu, ni kinga. Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji ya 2011, ambayo Mahakama Kuu ilikataa kuibatilisha Machi 2021, haimhusu ngariba pekee: anayempeleka msichana nje ya nchi kwa nia hiyo ametenda kosa, Mkenya anayetenda kosa hilo akiwa nje anaweza kushtakiwa nyumbani, na anayejua habari zake akanyamaza naye ni mkosaji. Vifungu hivi viliandikwa kana kwamba kwa ajili ya miji ya Kehancha na Isebania, kwa sababu koo za Wakuria zimekaa pande zote mbili za mpaka, na msichana anayesemekana amekwenda kumsalimu shangazi Tarime, Tanzania, huenda amepelekwa kukeketwa, au huenda amekimbia na kupokewa katika kituo cha Masanga kinachowahifadhi wasichana wa aina yake. Mawaziri wa Kenya, Tanzania, Uganda, Ethiopia na Somalia walikubaliana Mombasa mnamo Aprili 2019 kushirikiana dhidi ya ukeketaji wa kuvuka mipaka, lakini makubaliano ya mawaziri humfikia msichana pale tu ambapo mwalimu wa Ntimaru, huko Kuria, anaita majina ya darasa siku ya kwanza ya muhula, anaona nani hayupo, na anampigia simu afisa wa watoto siku hiyohiyo.

Jambo linalobaki ni mahali pa kumweka mtoto baada ya kuokolewa. Mkakati wa Taifa wa Mageuzi ya Malezi wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwaondoa watoto katika makao ya kulelea na kuwarudisha katika familia, na sheria mpya inatambua malezi ya jamaa, malezi ya kambo, ulezi wa kisheria na kafala ya Kiislamu. Kwa Homa Bay na Migori, ambako ukimwi uliwaachia mabibi kizazi kizima cha wajukuu, malezi ya jamaa si geni. Kilicho kigeni ni kuyaandikisha. Bibi anayelea wajukuu bila karatasi hupata shida kuingizwa katika mpango wa fedha kwa mayatima, ulioanza 2004 na unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi, na mara nyingi watoto hao hawana vyeti vya kuzaliwa. Cheti hicho kina kazi nyingine ambayo watumishi wengi hawaifikirii hadi siku ya ushahidi. Adhabu ya unajisi hutegemea umri wa mtoto: kifungo cha maisha akiwa na miaka 11 au chini, kisichopungua miaka 20 akiwa na miaka 12 hadi 15, na kisichopungua miaka 15 akiwa na miaka 16 hadi 18. Mahakama yaweza kumtia mtu hatiani kwa neno la mtoto peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli na ikiandika sababu zake, lakini umri sharti uthibitishwe, kwa cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki au uchunguzi wa daktari, na mhudumu wa afya ya jamii anayemsaidia bibi kupata cheti hicho leo anaipatia kesi ambayo bado haijatokea kielelezo chake cha kwanza.