Minnesota: Maji ya kioo yaingia kwenye hesabu za nyumba

KILA mwaka ifikapo Oktoba, maduka ya vifaa vya ujenzi ya Minneapolis na Saint Paul, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, husogeza mbele bidhaa tatu ambazo wakati wa joto hukosa wanunuzi. Nazo ni mirija ya gundi ya kuzibia nyufa, vipande vya mpira na sponji vya kubandika kwenye fremu, na pakiti za plastiki nyembamba ya kufunikia madirisha kwa ndani.

Pakiti ya madirisha matano kwa kawaida haizidi dola 40. Dirisha jipya moja, pamoja na malipo ya fundi, mara nyingi huvuka dola 500. Jimbo hilo hufaidika kwa bei zote mbili, kwani kampuni ya 3M, ambayo huuza pakiti hizo, ina makao yake huko, na watengenezaji wakubwa wa madirisha, Andersen wa Bayport na Marvin wa Warroad, nao ni wa huko huko.

Kinachomsukuma mnunuzi dukani ni baridi. Wastani wa joto la Januari mjini Minneapolis ni karibu nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri. Kinachomtia hasara, hata hivyo, mara nyingi ni maji, na maji hayo hayatoki nje.

Watu wanne wakipumua, wakipika, wakioga na kufua huingiza kwenye hewa ya nyumba takriban lita 10 za maji kwa siku. Hewa yenye nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 50 huanza kuangusha maji inapogusa kitu chenye nyuzi 10, kama vile chupa ya soda iliyotoka kwenye friji inavyotoa jasho mezani Dar es Salaam. Nje ikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri, uso wa ndani wa dirisha la kioo kimoja hushuka hata chini ya sifuri, na maji yake huganda. Dirisha la vioo viwili hubaki karibu na nyuzi 10, yaani mpakani kabisa. Pembezoni mwa kioo baridi huzidi, ndiyo maana mstari wa maji huonekana kwanza chini, pale kioo kinapokutana na mbao.

Kioo chenyewe hakidhuriki. Maji huteremka hadi kwenye ubao wa chini wa dirisha, hupenya kwenye maungio, rangi hubabuka, kuvu jeusi hujitokeza kwenye kona, na baada ya misimu kadhaa ubao huwa laini kiasi cha kutobolewa kwa bisibisi. Hapo plastiki haisaidii tena.

Kabla ya kutoa fedha ni vyema kutazama maji yamekaa wapi. Yakiwa upande wa chumbani, hewa ya ndani ina unyevu mwingi mno kwa baridi iliyopo, au kioo ni baridi kupita kiasi. Yakiwa kati ya dirisha la ndani na dirisha la pili la nje, ambalo nyumba nyingi za zamani za huko huwa nalo, basi dirisha la ndani linavuja na hewa ya vuguvugu inapita. Yakiwa katikati ya vioo viwili vilivyofungwa pamoja kiwandani, kiungo chake kimekufa na hakuna gundi itakayokifufua, hubadilishwa kioo.

Kosa ambalo hula fedha za wengi ni kuziba upande usiofaa. Mtu huona upepo ukiingia, akapanda ngazi na kujaza gundi dirisha la nje lote, pamoja na vitundu vidogo vya chini ambavyo mtengenezaji aliviacha ili maji yatoke. Baada ya hapo unyevu unaopenya kutoka chumbani hukosa njia na hukaa juu ya mbao hadi masika. Kanuni ya mafundi ni kwamba upande wa ndani ndio ubanwe sawasawa, na wa nje uachiwe pumzi.

Kazi hii pia haingoji Desemba. Gundi nyingi zinazochanganywa na maji hutaka joto la nyuzi 5 au zaidi ili zishike, na tepu ya plastiki haikai juu ya fremu yenye maji. Fremu hufutwa na kukaushwa, tepu hubandikwa, plastiki hutandazwa, kisha hupulizwa kwa mashine ya kukaushia nywele hadi ikaze kama ngozi ya ngoma.

Plastiki peke yake haitoshi pale ambapo sufuria huchemka bila kifuniko na nguo hukaushwa chumbani. Kipimo cha unyevu cha dola 10 hadi 20 pengine ndicho kifaa chenye faida kubwa kuliko vyote dukani, japo wanunuzi wengi hukipita. Mwongozo unaotumika Minnesota ni kwamba nje ikiwa kati ya nyuzi 12 na 18 chini ya sifuri, unyevu wa ndani usizidi asilimia 30. Wenye mashine za kuongeza unyevu wanapaswa kuzipunguza siku hizo. Feni ya bafuni, na pazia linaloachwa wazi mchana ili joto lifike kwenye kioo, havihitaji manunuzi yoyote.

Kwa anayefikiria kubadili madirisha kabisa, hesabu imekuwa ngumu zaidi. Nafuu ya kodi ya serikali kuu ya asilimia 30, isiyozidi dola 600 kwa madirisha kwa mwaka, ilikoma kwa kazi zilizokamilika baada ya Desemba 31, 2025.

Wapangaji, wakiwemo Wakenya wengi wa Brooklyn Park, wana hesabu yao. Kifungu cha 504B.161 cha sheria za jimbo kinamtaka mwenye nyumba aweke mpira wa kuziba, gundi na madirisha ya pili ya nje pale ambapo akiba ya nishati itazidi gharama, pamoja na riba, ikigawanywa kwa miaka 10. Mkataba wa pango hauwezi kufuta wajibu huo. Ni nadra sheria kumpigia mtu hesabu waziwazi namna hii.

Mvutano huja kwenye ubao uliooza. Mwenye nyumba anawajibika kuutengeneza, isipokuwa uharibifu umetokana na makusudi au uzembe wa mpangaji, na hapo ndipo swali la nani aliyejaza maji hewani huanza kugharimu fedha. Mpangaji aliyeandika barua mapema, akapiga picha ya ubao mwezi Oktoba na kutunza daftari la namba za kipimo chake, ana cha kuonyesha. Kasoro isiporekebishwa ndani ya siku 14 tangu alipotoa taarifa kwa maandishi, anaweza kuiomba mahakama ishughulikie suala hilo, huku kodi anayodaiwa akiiweka mahakamani badala ya kumkabidhi mwenye nyumba.