Kabla ya Anime Kulikuwa na Kuniyoshi: Msee Aliyechora Mashujaa Hadi Serikali Ikamchunga

Uko zako Mbaraki unangoja mathree ya kuelekea feri. Inatokea moja, ubavuni imechorwa samurai, upanga juu, tatuu mwili mzima. Unatoa simu unapiga picha. Lakini unajua hiyo staili ilitoka wapi?

Cheki. Kitambo, Tokyo ikiitwa Edo, kulikuwa na mchoraji Utagawa Kuniyoshi, mtoto wa fundi wa kutia hariri rangi. Alisota miaka kibao. Halafu mwaka 1827 hivi akaanza kuchora majambazi 108 wa Suikoden, hadithi ya Kichina ya watu waliochoshwa na maafisa wafisadi wakaasi. Akawapa misuli na matatuu ya madragoni. Jina likashika, na vijana wa Edo wakataka tatuu kama hizo.

Usidhani ni sanaa ya mabwanyenye. Mmoja anachora, fundi wa pili anachonga mchoro kwenye ubao wa mcheri, wa tatu anapaka rangi na kugandamiza karatasi. Kila rangi na ubao wake. Zikitoka nyingi bei inashuka, hata hasla anabandika shujaa wake ukutani.

Hapo ndipo serikali ilianza kukunja uso. Mwaka 1804 mchoraji Utamaro alifungwa pingu siku 50 kwa kumchora Hideyoshi, mtawala wa zamani. Mwaka 1842 picha za waigizaji na warembo zikapigwa marufuku. Kuniyoshi akajificha nyuma ya mashujaa wa kale. 1843 akamtoa shujaa Raiko, kalala mgonjwa, buibui jini anamnyemelea, nyuma mapepo tele. Raia wakaelewa haraka: aliyelala ni shogun, mapepo ni watu walioumizwa na sheria zake. Picha ikabamba vibaya, mpaka mchapishaji akaogopa akaiondoa sokoni.

Inakukumbusha kitu? Hapa Kenya, 2004, sheria za Michuki zilifuta graffiti kwa matatu, ukabaki mstari wa manjano tu. Michoro ikarudi. Picha ya watu ni ngumu kufuta.

Swali langu kwako unayeshika spray: samurai tumemuona, sawa. Na Fumo Liyongo wetu, jitu la Pwani lililochomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe? Yeye atapanda mathree lini?