UFAFANUZI KUHUSU UDUKUZI WA KOMPYUTA UTUMIKAO KAMA SILAHA YA SIASA

Wananchi wengi huwadhania wadukuzi wa kompyuta kuwa ni wezi wa fedha tu. Dhana hiyo haijakamilika. Udukuzi hutumika pia katika ugomvi wa kisiasa, baina ya dola na dola na hata baina ya raia na Serikali yao. Mfano ulio bayana ni wa Estonia, nchi ndogo yenye watu wapatao milioni 1.3 kando ya Bahari ya Baltiki.

Chanzo kilikuwa sanamu. Katika mji mkuu, Tallinn, palikuwa na sanamu ya shaba ya askari wa Kisovieti iliyosimamishwa mwaka 1947. Kwa wakaazi wengi wasemao Kirusi ilikuwa ni ukumbusho wa ushindi dhidi ya Wanazi. Kwa Waestonia wengi ilikuwa ni alama ya kutawaliwa. Mwezi wa Aprili, 2007, Serikali iliihamishia kwenye makaburi ya kijeshi. Zikazuka ghasia mjini na mtu mmoja akauawa.

Kuanzia tarehe 27 Aprili ugomvi ukahamia kwenye kompyuta, ukaendelea kwa muda wa wiki tatu hivi. Sehemu kubwa ya mashambulizi hayo haikuhitaji kuvunja kufuli lolote. Kompyuta nyingi zilizotapakaa duniani, ambazo wenyewe hawakuwa na habari kwamba zimeingiliwa, ziliamrishwa kubisha hodi kwa wakati mmoja kwenye kurasa za Bunge, wizara, magazeti na benki, hata mwenye haja ya kweli akawa hapati nafasi. Nchi hiyo ilikuwa imepiga kura za Bunge kwa intaneti mwezi wa Machi mwaka huo huo. Sasa benki yake kubwa ikalazimika kufunga huduma za mtandao kwa zaidi ya saa moja. Mafundi walizuia mawasiliano yatokayo nje, jambo ambalo, kwa hakika, ni sawa na mtu kujifungia ndani ya nyumba yake.

Estonia iliituhumu Urusi. Urusi ikakanusha na ikakataa kusaidia upelelezi. Risasi huacha ganda, lakini amri ya kompyuta hupitia nchi kumi kabla ya kufika. Aliyetiwa hatiani ni mmoja tu, tena mwanafunzi aliyekuwa akiishi Estonia kwenyewe, aliyetozwa faini ya kroni 17,500 mwaka 2008 kwa kushambulia ukurasa wa chama cha Waziri Mkuu.

Mwaka huo huo kikaanzishwa mjini Tallinn kituo cha NATO cha ulinzi wa mitandao. Mwaka 2017 Estonia ilitiliana saini mkataba na Luxembourg wa kuhifadhi huko nakala za kumbukumbu zake muhimu, chini ya kinga mfano wa ile wapewayo mabalozi.