Zawadi ya Nesi Mwanafunzi Rubondo

Habari kwamba binti wa jirani amepata nafasi ya kusomea unesi Mbarara haikai ndani ya nyumba moja Rubondo. Inafika bombani asubuhi, inafika kanisani au msikitini kabla ya wiki kuisha, na punde mama mmoja mwenye mwandiko mzuri anafungua daftari jipya la michango. Majina yanapangwa. Kinachobaki ni kujua kila mtu ataleta nini, na hapo ndipo penye kazi.

Rubondo ni moja ya kanda tatu za makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro nchini Uganda, pamoja na Juru na Base Camp. Makazi hayo yalianza mwaka 1958 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda, yakatambuliwa rasmi 1960, na leo yana Wakongo wengi, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Karibu kila kundi lilikuja na namna yake ya kuchangiana. Wakongo wana likelemba, ambapo kila mwanachama hutoa kiasi kilekile na mmoja hubeba fungu lote kwa zamu. Wanyarwanda wana ikimina, Wasomali hagbad, Waethiopia iqub. Kwa watu waliozoea kuchangia arusi, matanga na ujenzi wa nyumba, safari ya mtoto kwenda chuoni ni jambo la jamii nzima.

Na si safari nyepesi. Uganda inamtaka anayeanza cheti cha uuguzi awe amefaulu sekondari katika Kiingereza, hisabati, baiolojia, kemia na fizikia. Kijana aliyesoma Kivu, mashariki mwa Congo, kwa Kifaransa analazimika kwanza kuhama lugha. Wapo pia watu wazima waliokuwa manesi wa ngazi ya A2 huko Congo, ambao vyeti vyao haviwafungulii mlango wa wodi za Uganda, nao wanaanza upya kwenye dawati. Ufadhili wa DAFI, unaotolewa na UNHCR na serikali ya Ujerumani tangu 1992, huwasaidia wanaokwenda chuo kikuu, lakini nafasi ni chache. Wengi husomeshwa na familia, kanisa na majirani. Majirani hao nao wamebanwa: mwaka 2023 Shirika la Chakula Duniani lilianza kugawa posho kwa makundi kulingana na uhitaji, na nyumba nyingi zikajikuta zinapata pungufu ya zamani. Zawadi inayotoka katika nyumba kama hiyo haina budi ifanye kazi.

Mahali pa kuanzia ni ile karatasi anayopewa mwanafunzi pamoja na barua ya kukubaliwa. Shule za uuguzi za Uganda huorodhesha humo kila anachotakiwa kufika nacho: sare, viatu vya kufunga visivyo na kisigino kirefu, saa yenye mshale wa sekunde, kipimajoto, stetoskopu, boksi la glavu, rimu ya karatasi, ndoo, chandarua, godoro, wakati mwingine hata fagio na sabuni ya kusafishia. Mzazi akiisoma mara ya kwanza hushika kichwa. Jirani mwenye busara huiomba aisome naye.

“Mama Neema, mmeshapata nini humu?”

“Godoro na ndoo tu, dada. Mengine tunamwachia Mungu.”

Swali hilo moja linaokoa pesa kuliko punguzo lolote la dukani, kwa sababu bila hilo mwanafunzi hufika chuoni na vitenge vitatu, Biblia mbili, na hana saa.

Saa ndiyo zawadi ambayo mtu wa kipato kidogo angeifikiria kwanza. Mara nyingi saa ya kawaida inayouzwa mjini Mbarara haizidi bei ya kuku mmoja, nayo itatumika kila siku ya kazi. Mtoto wa miezi sita anapoletwa akikohoa, nesi humfunua kifua na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Zikifika 50 au zaidi, hiyo ni dalili ya nimonia. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka mitano, mpaka ni 40. Mgonjwa akitundikiwa dripu ya lita moja iishe kwa saa 8, na mpira wake unatoa matone 20 kwa kila mililita, mwanafunzi anasimama chini ya chupa, macho yakienda kwenye tone na kurudi kwenye mshale, huku akisogeza kigurudumu hadi yawe matone kama 42 kwa dakika. Simu haifai kwa kazi hiyo. Inaisha chaji, inabeba vijidudu kutoka kitanda hadi kitanda, na wauguzi wakuu hawapendi kuiona wodini. Saa iwe na tarakimu zinazosomeka, mshale wa sekunde unaoonekana usiku, na mkanda wa plastiki unaooshwa kwa sabuni. Bora zaidi ni ile ya kubandika kifuani, inayoning'inia kichwa chini ili mvaaji aisome akiinama, maana mikono hubaki wazi kwa kunawa hadi kwenye viwiko.

Stetoskopu ina heshima yake na kila mzazi angependa kupiga picha na mtoto aliyeivaa shingoni. Lakini ni ghali, na kwa ile ya bei ya kutupa huenda mtu asisikie lolote katika wodi yenye kelele. Hiyo iachiwe kikundi kizima cha likelemba. Anayetumwa kuinunua aijaribu palepale dukani: aivae masikio ya chuma yakielekea mbele, upande wa pua, kisha agonge taratibu kwa kidole kwenye kile kisahani. Sauti ikija hafifu, airudishe.

Vitu vinavyoisha hupewa sifa ndogo, na wanafunzi ndivyo wanavyovililia kufikia katikati ya muhula. Boksi la glavu lina vipande 100. Nyumba mbili zinaweza kuligawana gharama. Kalamu, daftari dogo la mfukoni, tochi ndogo, kikata kucha, sabuni. Binti wa Kisomali atafurahia mitandio mifupi ya rangi ya sare, isiyofika kwenye jeraha anapoinama, kuliko marashi. Na mama asiye na shilingi hata moja bado ana unga wa muhogo, maharage ya shamba lake, samaki mkavu wa Ziwa Nakivale. Kilomita zipatazo 60 kutoka nyumbani, chakula hicho kinamwepusha mwanafunzi kukopa.

Ipo zawadi nyingine isiyonunuliwa. Katika vituo vya afya vya Nakivale wakalimani huhitajika kila siku, na katika Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, ambako wanafunzi wengi hufanyia mazoezi, wagonjwa wengi huzungumza Kinyankole. Jirani Mnyankole anayekaa jioni chache na mwanafunzi, akamfundisha kusalimia, kuuliza maumivu yako wapi, na kumwomba mgonjwa ageuke, amempa kitu kitakachomfaa asubuhi ya kwanza wodini. Mwenye simu na bando naye anaweza kumpakulia bure kitabu cha David Werner, *Mahali Pasipo na Daktari*, akisome sambamba na toleo la Kiingereza. Kwa aliyesoma kwa Kifaransa, huo ni msaada mkubwa.

Kisha huja siku ya kuaga. Wimbo, maombi, soda zikigawanywa, wazee wakiusia. Zawadi hutolewa kwa mikono miwili, au kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukigusa kiwiko, na mtoto hupiga goti kidogo kupokea. Yote hayo ni mazuri na yadumu. Jambo moja tu linastahili kurekebishwa: kusoma hadharani kila jina na kiasi chake. Mama aliyetoa shilingi 1,000 katika mwezi usio na posho ametoa sana, na hapaswi kuketi hapo akisikia jina lake likifuatwa na kimya. Baadhi ya vikundi vingefanya vyema kusoma vitu badala ya viwango: saa imepatikana, glavu zimepatikana, nauli imepatikana, na shukrani ziende kwa wote waliotoa.

Nauli isisahaulike. Tiketi ya kurudi likizoni, ikiwekwa kwenye bahasha na kuandikwa hivyo, hulindwa vizuri kuliko pesa zisizo na jina.

Basi, ndugu msomaji uliye Rubondo, Juru au popote penye kijana anayejiandaa kuingia chuo cha uuguzi: kabla ya kwenda dukani, pita kwao, omba karatasi ya shule, na uchague kitu kimoja ambacho bado hakijapata mtu.