Jiwe Hai au Mmeajiwe? Suala la Istilahi ya Lithopsi katika Kiswahili

1.0 Utangulizi
Makala hii inachunguza istilahi mbili zinazoweza kuteuliwa kuita lithopsi, mmea wa nyika kame unaofanana na jiwe. Inadaiwa hapa kwamba tafsiri sisisi haitoshi. Sharti maumbile ya kitu na kanuni za sarufi vizingatiwe.

2.0 Maumbile
Lithopsi humea hasa Namibia na Afrika Kusini. Mwaka 1811, karibu na Prieska, mtafiti Mwingereza William Burchell aliokota kitu alichokidhania kokoto, kumbe ni mmea. Jina la kisayansi, lililotolewa na N. E. Brown mwaka 1922, linatokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya 'jiwe' na 'uso'.

Mmea huu una majani mawili manene yaliyoungana, na katikati yake pana ufa ambamo ua huchomoza. Sehemu kubwa ya majani hufukiwa ardhini. Juu hubaki bapa lenye rangi na madoa ya kokoto zilizolizunguka. Bapa hilo hupitisha nuru, ambayo hupenya tishu zilizojaa maji hadi kwenye seli za kijani zilizo chini. Majani makuukuu huyapa machanga maji yake, kisha hunyauka.

3.0 Uchanganuzi
Waingereza huuita mmea huu kwa jina lenye maana ya 'mawe yaliyo hai'; wasemaji wa Kiafrikana huufananisha na kwato za ng'ombe. Tukifuata Kiingereza tutapata *jiwe hai*. Tatizo ni kwamba neno kuu hapo ni *jiwe*, nalo ndilo linalotawala upatanisho: *jiwe hai limechanua*. Kisarufi sentensi hiyo ni sahihi, lakini kimaana inauweka mmea katika kundi la mawe.

Katika nomino ambatani za aina ya *batamzinga* na *mbwamwitu*, neno la kwanza hutaja jamii, la pili hubainisha. Kwa kanuni hiyo, *mmeajiwe* (wingi: *mimeajiwe*) ni aina ya mmea: *mmeajiwe umechanua*.

4.0 Hitimisho
Suala hili si la kamusi tu. Mimea ya jamii hii huibwa porini na kuuzwa ng'ambo, ilhali huchukua miaka kukua. Msomaji anayeambiwa kwamba mawe yameibwa hawezi kuiona hasara hiyo. Mmea hujificha kwa umbo lake. Haifai istilahi nayo iufiche. Kwa hiyo *mmeajiwe* inapendekezwa.